Jua Lililotua Mara Mbili

Kule Tabaka, ambako vumbi la jiwe la sabuni hulala juu ya majani ya migomba kama unga uliomponyoka malaika mzembe, kuna kilima kinachoitwa Rigena. Kimesimama magharibi mwa kijiji, kikali na kirefu, mgongo wake umenyooka kama ukuta wa nyumba. Kwa ajili ya kilima hicho watu wa bondeni wana jioni mbili kila siku. Ya kwanza huja jua lingali na nguvu: kivuli huteremka mlimani, kikameza machimbo ya mawe, kikaruka kijito, kikapita katika mahindi ya mzee Makori bila kuvunja hata jani, mpaka kikagusa kizingiti cha kanisa. Hewa hupoa mara moja. Kuku hurudi nyumbani. Lakini mbingu ingali nyeupe, na ng'ambo ya mashariki vilima vya mbali vingali vinang'aa, kana kwamba vyenyewe viko katika siku nyingine. Ya pili huja baadaye sana, giza lenyewe.

Wasabato wa bondeni waliipokea Sabato kwa jioni ya kwanza. Ndivyo walivyofundishwa na waanzilishi, watu ambao hawakuwa na saa mkononi wala ukutani. Ijumaa kivuli kikigusa kizingiti, jembe chini, moto uzimwe, wimbo uanze. Jumamosi kivuli kikigusa kizingiti tena, Sabato imefungwa, sufuria motoni. Mlinzi wa desturi hiyo alikuwa mzee Ondieki, mchonga mawe, shemasi wa kanisa kwa miaka thelathini, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kusema, "Kimefika." Hata mtoto wa jicho alipomfunika macho yote mawili hakuiacha kazi. Alisimama pale pale, uso ameuelekeza kilimani, na baridi ilipomgusa shavuni alisema, "Kimefika," wala hakukosea hata mara moja.

Kijana aliyetaka kuiangusha desturi hiyo alikuwa mwanawe wa kumzaa.

Manasseh alikuwa na miaka ishirini na miwili, na kiburi cha aina ile inayopendeza ikiwa mbali. Alimaliza kidato cha nne akiwa wa kwanza katika fizikia, akarudi nyumbani kuchonga tembo na twiga pamoja na baba yake. Mikono ilirudi, kichwa hakikurudi. Alijua kwamba jua halitui popote, bali ni dunia inayotugeuza mgongo. Wala hakuona ugomvi wowote kati ya jambo hilo na sala zake. Kwake Mungu alikuwa fundi, na fundi aliyeiva haogopi mtu anayekuja kupima kazi yake kwa kamba. Waliomchemsha damu ni wale waliodhani imani ni kufumba macho kwa nguvu.

Mambo yalianza Novemba ya mwaka 1994. Ukutani kanisani palitundikwa kalenda iliyotoka makao makuu, na pembeni mwa kila Ijumaa palikuwa na tarakimu ndogo ambazo hakuna aliyezisoma. Manasseh alizisoma. Zilikuwa saa za kutua kwa jua. Akasimama katikati ya Shule ya Sabato, akauliza kwa nini kalenda inasema saa kumi na mbili na nusu, nao wanafunga kazi zaidi ya saa nzima kabla.

Mzee Makori, mzee wa kwanza wa kanisa, mtu mnene mwenye sauti ya ngoma, alimtazama juu ya miwani.

"Kijana, kalenda hiyo imechapwa Nairobi. Nairobi wana jua lao."

Kanisa zima lilicheka. Akina mama walicheka mpaka wakashika leso. Na kicheko kile, ambacho mtu mwingine angekisahau kabla ya chakula cha mchana, kilikaa kifuani mwa Manasseh kama kaa la moto lililofunikwa majivu.

Wiki hiyo hiyo alikwenda Kisii mjini kupeleka vinyago kwa Bipin, mwenye duka aliyewauzia wageni kazi za Tabaka, akamwomba saa ya mkono isiyodanganya.

"Saa ya nini? Wewe una kilima," alisema Bipin, maana alikwishasimuliwa habari yote. Akaichagua moja, akaiweka sikioni kuisikiliza. "Ajabu nyinyi. Kwetu siku inaanza jua likitoka. Nyinyi siku inaanza na giza. Kwa nini?"

"Kwa sababu giza lilitangulia. Mungu alianza kazi kukiwa na giza."

"Basi Mungu wenu mvumilivu sana. Mimi nikianza siku na giza, nalala hapa kaunta." Akacheka peke yake, kisha akainamia meza. "Sikia. Mke wangu, Dhanlaxmi, kila mwezi iko siku moja anafunga, hali mpaka aone mwezi. Siku ya mawingu anakaa dirishani na njaa yake. Mimi namwambia, mama, kalenda imesema mwezi umeshatoka, kula. Unajua ananijibu nini? Ati kalenda haina macho."

"Lakini mwezi umetoka kweli, aone asione."

"Umetoka, ndiyo," alisema Bipin, akimfunga saa mkononi. "Wewe mwambie. Mimi nimeoa, naogopa."

Ijumaa iliyofuata Manasseh alisimama karibu na mlango wa kanisa. Baba yake aliposema, "Kimefika," aliitazama saa, akageuka, akakimbia. Alipita machimboni, akapanda mteremko akishika nyasi kwa mikono, akipumua kama mvukuto, ndani ya kivuli cha baridi kisichokuwa na mwisho. Nyuma yake wimbo wa kufungua Sabato ulipanda kutoka bondeni, ukapungua, ukawa kama sauti ya nyuki. Ndipo alipofika mgongoni mwa Rigena, na jua likampiga usoni.

Lilikuwa pale. Kubwa, jekundu, halina haraka. Nchi yote ya magharibi, mpaka kule ambako ziwa huonekana kama uzi wa fedha, ilikuwa bado katika Ijumaa. Watu wadogo walilima huko chini. Ng'ombe walikunywa maji. Manasseh aligeuka akatazama bondeni kwao, ambako Sabato ilikwisha kuingia kama maziwa ya samawati yaliyojaa kibuyu, akahisi anasimama juu ya mshono wa siku mbili. Mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Alikaa juu ya jiwe mpaka jua lilipotua mara ya pili, akasoma saa, akashuka gizani.

Alichonga ushahidi wake katika jiwe, maana karatasi hubishiwa. Alikata bamba la mviringo, upana wa sahani, akaligawa ukingoni kama uso wa saa. Kila Ijumaa alitia alama mbili: jino fupi kwa kivuli cha mlangoni, jino refu kwa jua la kilimani. Jua huhama kidogo kidogo kwa majira, kwa hiyo meno mafupi yalisongamana upande mmoja na meno marefu yakasongamana upande wa pili. Katikati palibaki nafasi tupu, laini, ambayo haikuguswa na patasi. Saa moja na kitu. Ijumaa kumi, na nafasi ile haikujaa.

Februari alimwendea mzee Makori. Makori aliguna, akakuna kidevu, akasema: "Vema. Jumamosi jioni, kabla ya kufunga Sabato, utasimama mlangoni mbele ya kanisa zima. Ukituonyesha, tutabadili saa. Ukishindwa, utaomba radhi kwa waanzilishi waliolala, na darasa la vijana unalofundisha utamwachia mwingine."

"Sitashindwa, mzee."

"Najua hutashindwa kusema. Kusema umejaliwa."

Ijumaa asubuhi, Siku ya Maandalio, Manasseh alikwenda mtoni kuteka maji. Aliporudi alimkuta baba yake amekaa penye kazi yake ya kila siku, chini ya paa la mabati, beseni la maji kando na msasa mkononi. Mzee alikuwa akizisugua kazi zilizochongwa na wengine, kwa kuwa vidole vyake viliona kuliko macho ya wenye macho. Lakini asubuhi hiyo pajani mwake hapakuwa na twiga. Palikuwa na bamba la mviringo.

"Njoo, Manasseh."

"Tata," aliitika kijana, kama Wagusii wanavyomwita baba.

"Hiki ni nini? Sahani haina shimo. Kinyago hakina pua."

"Ni kazi yangu tu."

"Kazi yako ina meno." Kidole cha mzee kilizunguka ukingoni polepole. "Mafupi kumi. Marefu kumi. Haya mafupi ni ile 'kimefika' yangu, sivyo? Na marefu ni kule juu."

Manasseh aliweka ndoo chini. "Umejuaje habari za kule juu, Tata?"

Mzee alisikiliza kwanza kama kuna hatua za mkewe uani, akasikia jembe lake kwa mbali katika viazi.

"Mama yako husimulia vipi kifo cha Abner?"

Swali hilo halikuhitaji kufikiri. Abner alikuwa mtoto wa kwanza, na habari yake Manasseh aliijua tangu akiwa na miaka tisa, kama mtu anavyoijua sala. Nyamusi, mama yao, aliisimulia kila Sabato ilipofungwa, akiwasha moto, kwa maneno yale yale: *Kivuli kiligusa mlango, tukafunga Sabato kwa wimbo. Nikabandika maji ya ugali. Maji hayajachemka, nikasikia kilio kutoka machimboni. Lakini Sabato ilikuwa imefungwa, ashukuriwe Mungu. Mwanangu hakufa akiivunja.*

"Sufuria ya maji ya ugali huchemka kwa muda gani?" aliuliza mzee. "Wewe ndiye mwenye saa."

Macho ya kijana yaliangukia bamba, pale katikati ya meno mafupi na meno marefu, ile nafasi tupu aliyojivunia wiki kumi. Alihisi kama mtu aliyechimba kisima kwa mbwembwe kisha akakuta chini kuna mfupa.

"Mimi ndiye niliyemtuma," alisema mzee Ondieki. "Agosti ya themanini na moja. Lori la mnunuzi lilikuwa linakuja alfajiri. Nilisimama mlangoni, nikasema kimefika, tukaimba, tukaomba. Halafu nikamwambia, Abner, haraka, niletee lile bonge la jiwe la waridi kabla hakujawa giza. Mvua ilikuwa imelainisha ukingo wa shimo." Alitia kidole majini, akakitoa. "Wiki moja baada ya maziko nilipanda Rigena Jumamosi jioni, baada ya kufunga. Nilitaka kulia mahali ambapo watu hawasikii. Nikalikuta jua. Nilisimama mbele yake kama mwizi aliyemulikwa tochi."

"Miaka kumi na mitatu, Tata! Na bado unasimama mlangoni unasema kimefika?"

"Nimwambie nani? Mama yako ana neno moja tu linalomlaza. Nimnyang'anye hilo nimpe nini, kalenda?"

"Mungu ni Mungu wa kweli!" Sauti ya Manasseh ilipanda, akaishusha. "Hatumtumikii kwa kumficha mtu."

"Sawa. Kesho sema. Sikukatazi." Mzee alimnyoshea bamba kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anavyompa mgeni chakula. "Kweli ni yako, umeipima. Na umechonga vizuri. Jino la saba tu ndilo limekwenda kombo."

Jioni hiyo Sabato iliingia kama kawaida. Manasseh aliimba bila kusikia anachoimba. Alilala, akaamka, akaketi kanisani, akatazama kisogo cha mama yake kilichofungwa kitambaa cheupe. Alikuwa na kweli mikononi, nzito, laini, iliyosuguliwa, na hakuwa na mahali pa kuiweka isipopondaponda kitu.

Mchana, baada ya chakula baridi cha Sabato, alijinyosha kwenye nyasi nyuma ya nyumba, akawaza. Hivi Sabato yenyewe iko wapi? Huanza mashariki kabisa, baharini, mahali asipopajua, halafu huja. Hupita nchi baada ya nchi kama mwanamke anayepita na taa, nyumba moja ikiwaka, nyingine ikizimika. Haikai mahali popote, nasi hatuingii ndani yake. Yenyewe ndiyo hutupitia. Mungu hajawahi kukosa mahali ambapo ni Sabato na mahali ambapo siyo, kwa wakati mmoja, kama yeye mwenyewe aliposimama juu ya Rigena, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Alimkumbuka mfalme yule mgonjwa wa zamani katika Biblia ambaye Mungu alimrudishia kivuli nyuma ili aamini kuwa ataishi. Fizikia ilimwambia jambo hilo gumu. Lakini yeye mwenyewe alikwisha kukirudisha kivuli nyuma, kwa miguu yake miwili, Ijumaa kumi.

Usingizi ulimchukua hapo. Akamwona Abner. Alikuwa amebeba bonge la waridi begani, akitembea juu ya mstari ule ambapo kivuli kinakoma na mwanga unaanza. Kivuli kilimfuata kisiginoni, naye hakukimbia. Alitembea tu kuelekea magharibi, akavuka ziwa kana kwamba ni uwanja, akavuka misitu, na kila alipokanyaga palikuwa pangali mchana. "Abner, weka chini hilo jiwe!" aliita Manasseh. Kaka yake aligeuka akacheka. "Nani kakwambia ni zito?"

Aliamshwa na kengele ya kanisa.

Watu walijaa uani, wazee kwenye benchi, vijana wa darasa lake wamejipanga nyuma kama mashabiki. Kivuli kilikuwa kimekwisha kuruka kijito. Nyamusi alikaa mbele, mikono mapajani, anatabasamu kidogo, kwa kuwa mwanawe anasimama mbele ya watu, na mama hupenda hivyo hata asipojua ni kwa nini. Mzee Ondieki alikuwa mlangoni.

"Haya, mwanafizikia wetu," alisema mzee Makori. "Sanduku la agano limefika. Tufunulie."

Kicheko kilipita. Manasseh alilishika bamba ndani ya kitambaa. Alitazama kivuli kinavyokuja katika mahindi, akamtazama mama yake, na kiburi chake chote, kile alichokilisha tangu Novemba, kikamsukuma alifunue. Angeweza kuwanyamazisha wote kwa dakika moja. Badala yake alisikia sauti yake ikisema, ndogo, si yake:

"Wazee wangu, nilipima. Lakini vipimo vyangu... nadhani nilikosea. Saa yangu si..."

"Kimefika," alisema mzee Ondieki.

Kila mtu alitazama kizingiti. Kivuli kilikuwa kimegusa. Lakini mzee hakuondoa kofia kwa ajili ya sala kama alivyofanya siku zote.

"Mwanangu hakukosea," alisema. "Anadanganya, na leo ni Sabato. Mtoto wangu mmoja nilimtuma shimoni. Wa pili sitamtuma kwenye uongo." Akanyosha mkono hewani. "Nyamusi, uko wapi? Nishike. Tunapanda Rigena, mimi na wewe."

"Rigena? Saa hizi? Baba Abner, umepatwa na nini?"

"Nishike tu, mama."

Basi walipanda. Mzee alitangulia, mkono mmoja kwa mkewe, mwingine kwa Manasseh, akiuliza kila hatua, "Hapa kuna jiwe? Hapa kuna mzizi?" Nyuma yao kanisa zima lilifuata, maana nani angebaki? Waliposhika mteremko mkali, mzee Makori alisimama akishika kiuno, jasho linamtiririka.

"Ndugu zangu! Hivi hii Sabato mmeiweka mbali namna gani?"

"Vumilia, mzee," kijana mmoja alimjibu. "Mwendo unaoruhusiwa siku ya Sabato umeshaupita, sasa ni dhambi mpaka juu."

Hata wazee walicheka, wakihema. Kisha mteremko ukawanyamazisha. Kulikuwa na baridi, na kijivu, na harufu ya majani yaliyokanyagwa. Zaidi ya nusu saa walipanda ndani ya kivuli kama watu wanaotembea chini ya maji. Halafu mzee Ondieki alisimama ghafla, kwa kuwa uso wake ulikuwa umetoka kwenye baridi.

"Limerudi," alisema.

Wakatoka mmoja mmoja juu ya mgongo wa kilima. Nuru ya dhahabu iliwapiga kifuani. Vumbi la mawe kwenye nguo zao liling'aa. Walitazamana kama watu walioamshwa. Mzee Makori alivua miwani, akaifuta, akaivaa, na jua likawa bado liko pale.

"Manasseh," alisema mzee Ondieki, "bamba liko wapi? Mpe mama yako." Halafu akamgeukia mkewe, na macho yake meupe yalikuwa yamejaa machweo. "Nyamusi. Baada ya kumzika Abner nilipanda huku, nikaona hivi unavyoona. Siku ile maji yako hayakuwa yamechemka. Sabato haikuwa imekwisha. Mimi nilisema kimefika, nikamtuma, na jua lilikuwa huku juu linanitazama. Nimekuficha miaka kumi na mitatu. Mwanao alikufa ndani ya Sabato, na mkono uliomtuma ni huu."

Upepo ulipita katika nyasi. Manasseh hakuthubutu kumtazama mama yake. Alisubiri kilio, kile cha akina mama wa Gusii ambacho huvuka mabonde matatu. Hakikuja. Nyamusi alilitazama jua kwa muda mrefu, mpaka lilipogusa ukingo wa nchi. Alitazama bondeni, ambako moto wa mtu fulani ulikuwa umekwisha kuwashwa. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu anayejifunza neno jipya.

"Ndani ya Sabato?"

"Ndani, mama," alisema Manasseh. "Zaidi ya nusu saa ndani."

"Kwa hiyo alilala siku ya pumziko. Haijafungwa." Aligeuka polepole. "Ondieki, Abner alijua kuna jua huku?"

"Hakujua. Mimi ndiye niliyemwambia imekwisha."

"Basi alimtii baba yake, akiwa na wimbo bado mdomoni. Unadhani Mungu alikaa na saa mkononi akimsubiri?" Sasa sauti ilipanda, na haikuwa ya huzuni, ilikuwa ya hasira. "Miaka yote hii namshukuru Mungu kwamba mwanangu alikufa siku ya kazi! Siku ya kazi, kama punda! Kumbe alilala mikononi mwa Sabato, nawe ulikuwa nalo neno hilo mfukoni, ukaninyima! Ulidhani mimi ni yai?"

Mtu aliyebeba jiwe miaka kumi na mitatu hajui aweke wapi mikono anapotuliwa.

"Nilikuonea huruma," alisema mzee Ondieki.

"Huruma yako ina kutu. Sogea, unanizibia jua."

Alisogea. Naye Nyamusi alimshika mkono hivyo hivyo, kwa hasira, akamweka kando yake, akalifungua bamba kutoka kwenye kitambaa. Hakuuliza linasomwaje. Alikuwa mke wa mchonga mawe na mama wa wachonga mawe wawili. Alipitisha kidole kwenye meno mafupi, akafika kwenye nafasi tupu, akapunguza mwendo. Hapo kidole kilibaki, kikienda na kurudi mahali palipo laini, kama mtu anayempapasa mtoto kichwani ili asiamke.

Jua lilitua mara ya pili. Hakuna aliyesema kimefika. Nyamusi mwenyewe alianzisha wimbo wa kufunga Sabato, kwa sauti ya chini, na wengine wakaingia mmoja mmoja, mpaka ile sauti ya ngoma ya mzee Makori nayo ikaingia, imekosa pumzi, imekosa ufunguo, lakini imeingia.

Waliposhuka, Manasseh alimshika baba yake mkono, akimwonyesha mawe na mizizi. Mbele yao, mama alikuwa amelifunga bamba ndani ya leso, mgongoni, pale ambapo huwekwa mtoto.

"Mama," aliita Manasseh, "nirudishie kesho nilimalizie. Halijapakwa nta. Na jino la saba liko kombo."

"Usiliguse," alisema Nyamusi bila kugeuka. "Liache hivyo hivyo."